Pini ya Mkanda

Niliporudi kupanga kile chumba cha uani kwa fundi cherehani, mvua zilikuwa zimekwisha, mke wa fundi alikuwa ameshazikwa, na binti yao alikuwa anagonga.

Aligonga kila kitu. Sahani kwa kijiko, kizingiti kwa kisigino, ndoo kwa kucha. Shuleni aligonga dawati kwa rula mpaka mwalimu akatuma ujumbe kwamba ama mtoto aache ngoma darasani, ama abaki nyumbani na ngoma zake. Na hakuwa mtoto mkorofi. Ukimwita anaitika, ukimtuma anakwenda, ila huku anakwenda vidole vinagonga ukuta. Ukimwambia acha, anaacha kidogo kama mtu aliyezuia chafya, kisha inamshinda.

Jina lake la nyumbani lilikuwa Kifungo. Mama yake ndiye aliyempa, kwa sababu alipokuwa anatambaa alimeza kifungo cha koti la mteja, na mteja alipokuja kuchukua koti lake akaambiwa kila kitu tayari, kifungo kimoja tu bado kipo njiani.

Nyumba ile naijua. Mimi ni mnoa visu, natembea na mashine yangu begani mji kwa mji, na kila nikipita pale hupanga kwa fundi, maana mwenye mikasi na mwenye jiwe la kunolea hawaachani. Chumba cha mbele kinatazama barabara. Kuna meza ya kukatia, pasi ya mkaa juu ya kigae chake, kioo kirefu kilichopasuka pembeni hata kila mteja anajiona ana bega la ziada, na cherehani mbili za miguu. Ya fundi ipo ukutani. Ya mkewe ipo dirishani, na chini ya meza yake, kati ya vyuma na ukuta, kuna kijinafasi ambacho Kifungo alikulia. Alilala humo akiwa mchanga, alijifunzia kuhesabu humo kwa vifungo, na hata alipoanza shule, akirudi alikuwa anavua viatu na kujipenyeza humo, mgongo ukutani, uso karibu kabisa na miguu ya mama yake inayokanyaga.

Cherehani hiyo ya dirishani ilikuwa na kasoro moja. Mkanda wake wa ngozi, ule unaozunguka kutoka gurudumu kubwa la chini kwenda gurudumu dogo la juu, ulishawahi kukatika, na mama mwenyewe akauunganisha kwa pini ya waya mnene. Basi kila pini ilipopanda gurudumu la juu ililia: tak. Mguu unakwenda mwendo wake, na pini inakuja kwa wakati wake, tak, bila kumwomba mguu ruhusa. Fundi ni mtu asiyevumilia mlio kwenye mashine. Mlio kwake ni kama jiwe kwenye chakula. Kila siku alimwambia mkewe, kesho nakubadilishia mkanda. Mkewe akamjibu, kesho yako hiyo mume wangu sasa imeota ndevu. Wakacheka, kazi ikaendelea.

Kisha mama akaugua homa, ikaanza kama mchezo, haikuisha kama mchezo.

Watu wa msiba walipotawanyika, fundi hakuweza kutulia. Mtu mwingine angelewa, mwingine angelala. Yeye alikaa sakafuni mbele ya cherehani ya mkewe akaifungua yote. Akaifuta, akatia mafuta kila tundu, akakaza kila skrubu, na mwisho akatimiza ile ahadi yenye ndevu: akavisha mkanda mpya, ulioshonwa kwa uzi bila pini, laini kama ulimi. Ukiikanyaga, cherehani ilikuwa inapumua tu. Mkanda wa zamani akautundika msumarini, na mimi nilipofika na mashine yangu yenye mkanda uliokwisha, akaniambia chukua huu, bado una uhai. Nikaukata kwa kipimo changu, maana gurudumu langu ni dogo, nikaurudishia pini yake ile ile. Kipande kilichobaki nikakigongomelea kwenye ubao, nikawa nalainishia makali ya nyembe.

Aliyekuwa anaendesha nyumba wakati huo ni shangazi mtu, dada mkubwa wa fundi. Alikuja kwa maziko na begi moja, akabaki. Mama mnene, mwepesi wa miguu, mwenye moyo na mwenye mdomo, na sijui kipi kilitangulia kuumbwa. Kule kugonga alikupiga vita kama anavyopiga vita mende. Alificha vijiko, Kifungo akala kwa mkono na kugonga kikombe. Akaficha vikombe vya bati akaleta vya plastiki, Kifungo akagundua sufuria. Mwisho shangazi akakata shauri: shule zikifungwa, anaondoka na mtoto. Kwake kuna watoto tele na uwanja wa kuchezea, na katika makelele ya wenzake huyu atayasahau ya kwake. Fundi hakusema ndiyo wala hapana, na katika nyumba ile aliyenyamaza ameshapiga kura.

Sikumlaumu. Nilimwona jinsi kila mlio wa sufuria ulivyompiga mgongoni akiwa ameinama kwenye kitambaa. Aliwahi kuniambia, huku anapiga pasi, kwamba anaona kama mtoto anamsuta, na hajui anamsuta kwa lipi.

Shangazi akaanza kujiandaa. Alinunua kitambaa chenye maua makubwa, akamwambia ndugu yake amshonee gauni la kusafiria, kwa sababu hawezi kurudi kwake na nguo za msiba kama mtu aliyefukuzwa. Kifungo alipoelezwa habari ya safari hakulia. Aliuliza tu kama cherehani ya mama nayo inakwenda. Shangazi akacheka, akamwambia cherehani ikafanye nini huko, mafundi wamejaa. Tangu hapo kugonga kukaongezeka, kwa haraka haraka, kama mtu anayesoma na mshumaa wake unaisha.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa fundi redio. Zamani alipiga gitaa zito katika bendi ya dansi, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Besi. Bendi ilivunjika, kila mmoja akaondoka na chombo chake na kinyongo chake. Gitaa la Besi lilibakiwa na nyuzi tatu. Wa nne uliishia kuwa antena ya redio ya mteja, na mteja hajawahi kulalamika. Jioni akishafunga redio za watu alikuwa analiunganisha na spika, anaporomosha sauti mbili tatu zinazotikisa sahani zetu kabatini, kisha anazima na kwenda kula. Shangazi alimwambia kwamba mlango ukigongwa unafunguliwa, lakini yeye anagonga ukuta, nani amfungulie. Besi alimpenda kwa maneno hayo, akawa anamsalimia mara mbili.

Alasiri moja alikuja uani nimnolee koleo lake la kukatia waya. Kifungo alikuwa mahali pake. Kila siku akitoka shule alikuja kuchuchumaa kando ya mashine yangu, kichwa kimeegemea mbao zake, vidole vinagonga goti. Mimi nilidhani anapenda cheche, kama watoto wote, na kazi yangu ilikuwa kumfukuza zisimuunguze. Sikuwa nimeona kwamba hata siku moja hakuzitazama. Alikuwa anafumba macho.

Besi akakaa juu ya sanduku langu, akasikiliza. Si mtu wa kukaa kimya, kwa hiyo nilimtazama mara mbili nione kama ni mzima.

"Makali," akaniambia, kwani hilo ndilo jina alilonipa, "huyu mtoto hagongi."

"Masikio yako yameungua na waya za redio."

"Sikiliza wewe. Anakwenda, anakwenda, anafika mahali, anasimama. Anarudi mwanzo. Mtu wa kelele harudii mwanzo. Huyu anatafuta kitu, na kinampotea pale pale kila mara."

Nikaondoa mguu kwenye kanyagio. Jiwe likazunguka likachoka. Kifungo akafumbua macho, akaniambia endelea babu. Nikamwambia sitaendelea mpaka aniambie anatafuta nini. Kwanza alitazama mlango wa jikoni, kuhakikisha shangazi hayupo.

"Mashine ya mama," akasema. "Baba ameinyamazisha. Sasa iliyobaki ni hii ya kwako, lakini ya kwako inakosea. Inakuja mapema."

"Nini kinakuja mapema?"

"Tak."

Mzee mzima nikajiona mjinga. Nilikuwa nakanyaga mkanda wa mama yake kila siku mbele ya masikio yake. Nimeukata, na mkanda mfupi unarudisha pini haraka kuliko mrefu. Mtoto alikuwa anakuja kuusikia mlio anaoujua, anaukuta umebadilika, na kila siku huu wa kwangu unaufunika ule wa kweli zaidi kidogo, kama vumbi linavyofunika maandishi.

Akatueleza mengine taratibu, huku amekishika kisigino changu kana kwamba nitakimbia. Mama yake alikuwa na wimbo. Si wa redioni, aliutunga mwenyewe akiwa anashona, wala hakuuimba mahali pengine popote. Ulikaa kwenye ile tak: pini inalia, mama anaingia, pini inalia, anaingia tena. Mwanzo wake Kifungo anaujua. Mwisho umempotea.

"Nikikosa tak sijui pa kuingia," alisema. "Na kwa shangazi hakuna tak kabisa. Nitasahau mpaka mwanzo."

Besi hakumpa pole. Alimwambia auimbe huo mwanzo. Kifungo akaimba kwa sauti ndogo, kama anayemsomea mtu sikioni:

*Uzi twende taratibu,*
*kazi bado ipo mbele.*
*Ukikatika njiani…*

Akasimama. Vidole vikagonga goti, vikarudi mwanzo, vikafika pale, vikasimama tena. "Hapo," akasema.

Besi akamuuliza mguu wa mama ulikuwa unakwendaje. Akapiga chini kwa kiganja, mwendo wa cherehani, sawasawa. Na pini? Akajaribu kwa mkono wa pili, mikono ikagombana, akakasirika. Besi akamwambia asikasirike, hata wapiga ngoma wa bendi yao hiyo ingewatoa jasho, kwa sababu pini haikai kwenye mguu, inautembelea tu kama jirani, mara inawahi, mara inachelewa. Mtu mmoja peke yake hawezi kuwa mguu na pini na mwimbaji. Kisha akanigeukia mimi, na mimi tayari nilikuwa natazama ule ubao wangu wa kulainishia nyembe.

Tulimkuta fundi kwenye meza ya kukatia na gauni la shangazi. Mikono ilishawekwa, pindo limeshabanwa kwa sindano, bado kushonwa tu. Besi ndiye aliyeeleza. Alieleza vizuri, bila kumlaumu mtu, lakini fundi alipoelewa aliweka mkasi chini kwa mikono miwili kama kitu kinachoweza kuvunjika. Nilitegemea aulize habari ya mkanda.

"Wimbo gani?" akauliza.

 Kutoka kiti chake mpaka kiti cha mkewe ukinyoosha mkono unafika.

"Mimi nilikuwa nasikia mkanda," akasema fundi. "Miaka yote hiyo. Yeye anaimba, mimi nasikia mkanda."

Akanyoosha mkono, akasema lete. Nikampa mkanda kutoka kwenye mashine yangu, na kile kipande nikakibandua ubaoni. Alivipima kwa futi kuzunguka magurudumu yote mawili, akatoboa ngozi kwa msumari, akatafuta waya wa unene ule ule wa pini ya mkewe, akaukunja kwa koleo la Besi. Mikono yake ilikuwa imetulia. Fundi akipewa kazi hutulia, hata nyumba ikiungua.

Shangazi akaingia kutoka sokoni na kikapu mkononi, akakuta ule mkanda mpya umetupwa sakafuni na ndugu yake anavisha matambara. Akauliza kuna nini. Akaelezwa. Akasema nyinyi wanaume watatu mna akili ya mtu mmoja, na leo huyo mtu hayupo. Lakini hakuondoka, na kikapu hakukitua.

Fundi akakaa kwenye kiti cha mkewe. Tangu msiba hakuna aliyekikalia. Kifungo alikuwa ameshaingia chini ya meza, magoti kidevuni. Sasa, fundi hakanyagi mashine bila kitambaa chini ya sindano, maana meno ya mashine yatasagana yenyewe. Kwa hiyo akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akavuta kitambaa kilichokuwa karibu, akashusha mguu wa chuma juu yake, akakanyaga.

Tak, ikasema pini ya mama.

Tak, ikasema ya pili.

Hilo hatukuwa tumelifikiria, wala mimi wala Besi wala fundi mwenyewe. Mkanda sasa ulikuwa na viungo viwili, na kila kiungo kina mdomo. Tak, kimya kirefu, tak, kimya kifupi, tak. Kama watu wawili wanaokatizana maneno.

"Si yenyewe," Kifungo akasema kutoka chini. "Ziko mbili."

Na hapo akalia. Shangazi aliniambia baadaye kwamba makaburini hakulia, wala nyumbani, na watu walimsifu kwa hilo, wajinga wakubwa. Alilia sasa, kwa kwikwi, paji la uso limeegemea chuma cha cherehani. Fundi akasimamisha mguu. Alimwambia mwanawe, kwa sauti iliyokauka, kwamba ngozi ikishakatwa haiwi moja tena, baba hana ufundi huo. Nikafikiri basi, tumemaliza kuharibu. Kile kidogo alichokuwa nacho kichwani tumekivuruga na mlio wa tatu.

Besi akatoka nje. Shangazi akasema ona, shujaa amekimbia. Lakini tukasikia vitu vinaburutwa upande wa pili wa ukuta, kisha akarudi na gitaa lake la nyuzi tatu, waya mrefu unamfuata kupitia dirishani kama mkia. Akakaa sakafuni, akainamisha kichwa mpaka akamwona mtoto.

"Kifungo. Wewe shika ile ya kwanza tu. Ya pili niachie mimi."

Akamwambia fundi akanyage. Fundi akakanyaga. Tak, ya mama, peke yake, kavu. Na ilipokaribia ya pili Besi akaporomosha sauti moja nzito, nene, iliyotikisa kioo, na ile tak ya pili ikamezwa humo kama punje ya mchanga kwenye uji. Haikusikika. Tak ya mama, kisha sauti ya Besi. Tak ya mama, kisha sauti ya Besi. Mara mbili aliwahi mno na pini ikachungulia, akajitukana, akarekebisha. Baada ya hapo hakuikosa.

Kwikwi zikapungua. Mimi nilikuwa nimesimama mahali ninapomwona mtoto. Aliacha kugonga. Kwa mara ya kwanza tangu nifike, vidole vyake vilikuwa vimelala mapajani, na yeye anasikiliza tu, anatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyesimama kando ya kamba inayozungushwa anasubiri nafasi ya kurukia ndani. Aliacha ipite. Akaacha ipite tena. Kisha akaingia.

*Uzi twende taratibu,*
*kazi bado ipo mbele.*
*Ukikatika njiani,*
*nitakufunga uende.*

Hakusimama pale anaposimama siku zote. Nafikiri hata hakujua kwamba amepita. Aliuimba mpaka mwisho na tak ikamleta mwanzo, akauanza tena kwa sauti kubwa zaidi, na humo ndani nilisikia namna ya kuvuta maneno ambayo si ya mtoto, ni ya mtu mzima anayeshona na sindano mdomoni. Fundi alikuwa anakanyaga na machozi yanamdondokea kwenye kitambaa, hayafuti, maana mikono ya mshonaji haiachii nguo ikiwa inakwenda. Shangazi bado alikuwa na kikapu. Mlangoni alisimama mteja aliyefuata suruali yake, akavua kofia bila kujua kwa nini.

Aliimba mpaka mwenyewe akachoka. Akatoka chini ya meza, nywele zimejaa vipande vya nyuzi, akasema ana njaa.

Fundi akampangusa uso kwa ncha ya shati lake. Akamwambia ile pini ya pili ataizungushia kitambaa ili isilie tena, ni kazi ndogo, kesho. Akajisikia anasema kesho, akashika koleo, akarekebisha: sasa hivi.

"Iache," Kifungo akasema. "Hapo ndipo Besi anaingia."

"Nimepata kazi," Besi akasema. "Nilikuwa sijaajiriwa tangu bendi ife."

Ni wakati huo shangazi alipokitua kikapu, akasogea kwenye cherehani na kuuliza, kwa upole uliotutisha wote, hicho kitambaa kilichoko chini ya sindano ni cha nani.

Kilikuwa na maua makubwa. Fundi alikuwa ameushona mkono wa kushoto wa gauni kwenye pindo, mshono ulionyooka na imara, kuanzia mkononi hadi chini, halafu kurudi, halafu tena. Kazi nzuri kabisa. Shangazi akalivaa juu ya nguo zake ili kila mmoja aone alichofanyiwa. Mkono mmoja ukatoka, wa pili ukakwama tumboni. Akasimama mbele ya kile kioo kilichopasuka, hana mkono na ana bega la ziada, na Kifungo akacheka. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha fundi, kisha mteja wa suruali, na mwisho shangazi mwenyewe, kile kicheko cha watu wanene kinachoanzia magotini.

Kilipokwisha, fundi alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye mshono aliokuwa ameshaanza kuufumua:

"Dada, mtoto abaki."

"Nani aliuliza?" shangazi akasema. "Mimi mwenyewe siendi popote na mkono mmoja."

Jioni hiyo aliweka vijiko mezani, vyote, kutoka huko alikovificha. Kifungo alikula na kijiko chake. Aligonga sahani kidogo, kisha akasahau, akawa anakula tu.

Shangazi aliondoka shule zilipofungwa, na gauni lake lenye mikono miwili, akamwachia fundi maagizo ya kujaza gunia. Nilimsikia asubuhi ya safari akifunga begi huku anaimba uzi twende taratibu. Aliuimba vibaya. Kifungo akamsimamisha, akamwambia asubiri pini, shangazi akamjibu kwamba yeye ana gari la kuwahi na pini haitamsubiri.

Sisemi kwamba huzuni iliisha. Ziko siku Kifungo alirudi shule akaingia chini ya meza na hakutaka mtu. Fundi alijifunza kutomwita. Alikuwa anahamia kiti cha dirishani tu, anaweka kitambaa, anakanyaga, na baada ya muda sauti inatoka chini. Besi akisikia kupitia ukutani anawasha spika. Mwalimu naye alituma ujumbe mwingine: mtoto hagongi tena dawati, ila ameanzisha wimbo wakati wa usafi na sasa darasa zima linafagia kwa mwendo mmoja, na je, watu wa nyumbani wanaweza kumwambia awafundishe na ubeti wa pili. Ubeti wa pili haukuwepo. Kifungo akawa anautunga, anamjaribishia Besi, Besi anasema hapana, anautunga tena.

Na iko siku moja, ninayoikumbuka kuliko ile ya gauni. Fundi alikuwa anakanyaga cherehani ya dirishani, pini zote mbili zinalia, na Kifungo akarudi, akatupa mkoba, akavua viatu, akapita mbele ya meza mbio, akatoka kwa mlango wa uani kwenda kuruka kamba na wenzake. Hakuingia chini. Hata hakugeuka. Fundi alinitazama mimi, mimi nikamtazama yeye, na mguu wake haukusimama.

Mimi sikai mahali nikaota mizizi. Visu vya mtaa vilipokuwa vikali vyote nilifunga mashine yangu. Fundi alikuwa amenipa ule mkanda mpya, ulioshonwa bila pini, akanikatia mwenyewe kwa kipimo changu. Kifungo akaja kuniaga. Akaniambia nikanyage kwanza asikie. Nikakanyaga. Akainamisha sikio kwenye mbao kama zamani, akasikiliza hilo jiwe linavyozunguka kimya kimya.

"Haisemi kitu," akasema.

"Haisemi, mjukuu wangu."

Akafikiri kidogo, akanipiga piga begani kama anavyofanya shangazi yake.

"Basi babu, itabidi uimbe mwenyewe."